Bwawa Lililouawa kwa Usafi

Juzi mtoto wa mdogo wangu Kondradi, anayesomea mambo ya vijidudu chuoni, alikuja hapa kwangu Sofu kunisalimia. Akanieleza kwamba siku hizi wataalamu wanawaunda bakteria upya: wanachukua tabia ya huyu wanampandikizia yule, mpaka wanapata mdudu anayekula mafuta yaliyomwagika kama sisi tunavyokula wali. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza, "Na nani anawalisha?"

Akacheka. "Shangazi, hawalishwi. Wanakula uchafu."

"Uchafu ni mboga. Mimi nakuuliza ugali wao."

Swali hilo ndilo lililonikalisha kuwaandikia ninyi vijana. Mna darubini na vyeti, na mimi niliishia darasa la sita. Lakini nililisha bakteria ujana wangu wote, kwenye mabwawa ya kiwanda cha korosho huku Kibaha, na yapo mambo ambayo darubini haitawaambia.

Aliyewahi kuchoma korosho utotoni anajua mafuta ya ganda lake. Yakikugusa mdomo, wiki nzima unacheka upande mmoja. Sasa fikirini kiwanda kizima kinachobangua korosho za Kibaha na Kisarawe, kinaosha mitambo kila jioni, na maji yote yanateremka bondeni kuelekea Janga, ambako watu wanalima mchicha na mpunga. Mchicha ulikuwa unasinyaa mchana mmoja. Baada ya wakulima kuja getini na majembe, wala si kwa ajili ya kulima, kiwanda kikachimba mabwawa matatu. La kwanza la kutulizia mafuta, la pili la kulisha wadudu, la tatu la kusubiri. Mlango wa kutolea maji ulikuwa kwenye hilo la tatu, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi.

Nilifikaje pale? Baba alifariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tukabaki wanne: mimi Agata mkubwa, halafu Kondradi, Feli na Theresia. Siku ya kumaliza tanga wajomba walikaa wakatugawa. Kondradi aende Morogoro, Feli abaki na mjomba, Theresia apelekwe Dar akalee mtoto wa watu.

Nikasema, "Hawaendi."

"Utawalisha nini, wewe mtoto?" akauliza mjomba mkubwa.

"Nitajua kesho."

Kesho yake nilikuwa kwenye geti la kiwanda, kwa sababu nilisikia mfanyakazi wa kudumu anapewa vyumba viwili kwenye nyumba za kiwanda. Sikuuliza kazi ni ipi. Niliuliza vyumba vina milango mingapi.

Aliyenisaili ni Bwana Kagaruki, fundi wa maabara, mtu wa Bukoba, mrefu, aliyesomea nchi ya baridi na kurudi na koti asilolivua hata mwezi wa pili. Aliweka makopo matatu mezani. "Nusa."

La kwanza nikasema, "Udongo baada ya mvua." La pili, "Mayai viza." La tatu nikalinusa mara mbili. "Hili halinuki kitu, shikamoo."

"Marahaba. La kwanza ni bwawa lenye afya. La pili ni bwawa linalokosa hewa. Na hilo lisilonuka kitu ni bwawa lililokufa. Wengine wote waliokuja waliniambia la tatu ndilo safi." Akaandika jina langu.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyowaunda bakteria wetu, maana hatukuwa na hizo sindano zenu. Nyuma ya stoo tulipanga mapipa saba, tukayaita madarasa. Darasa la kwanza lina matope ya bwawa na kijiko kimoja tu cha mafuta ya ganda. Wengi wanakufa. Wachache wanaobaki wanazaa, na hao ndio unaowateka kwa kata na kuwapandisha la pili, kwenye vijiko viwili. Hivyo hivyo mpaka la saba, ambako mafuta yalikuwa makali kiasi cha kukuchubua kidole, na wao wamo ndani wananenepa. Bwana Kagaruki alipenda kuniambia, "Agata, hawa wamekuzidi elimu. Wewe uliishia la sita."

Miezi yangu ya kwanza niliyaangalia mapipa yale yana utando wa kahawia unaoteleza kama bamia. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anasugua sufuria mpaka unajiona. Siku moja, Bwana Kagaruki akiwa mjini, nikayamwaga yote saba, nikayasugua kwa majivu na sabuni, nikayapanga juani yanameta. Nikasubiri kusifiwa.

Aliporudi akayachungulia moja baada ya jingine. "Nani kaosha?"

"Mimi, baba."

"Kwa sabuni?"

"Na majivu. Na maji ya moto."

Akageuza ndoo akaikalia. "Binti, umeua wengi kuliko ndui." Halafu akanyanyuka, akachukua kata, tukaanza upya darasa la kwanza. Hakunifukuza. Nami tangu siku ile sijausugua tena utando: ule unaoteleza ndiyo nyumba yao, na mtu humbomolei nyumba ukategemea atakuja kazini.

Ugali wao je? Mafuta peke yake hayawatoshi, kama wewe usivyoweza kuishi kwa mchuzi. Wanataka mbolea ya chumvichumvi. Mbolea ya duka ilikuwa adimu, basi Bwana Kagaruki akatafuta mbolea isiyoadimika. Mapipa yakawekwa kwenye vyoo vya wanaume, na katibu wa tawi la chama kiwandani, Ndugu Pazi, akaombwa atangaze mkutanoni. Ndugu Pazi alikuwa mtu wa usafi kuliko wote niliowajua. Shati lake jeupe lilikuwa jeupe kweli, wakati sabuni haionekani madukani, na hakuna aliyejua siri yake. Alisimama, akakohoa, akasema, "Ndugu wafanyakazi, katika moyo wa kujitegemea, kuanzia leo mkojo wenu ni mali ya kiwanda." Akaketi haraka. Mzee mmoja wa boila akauliza kama na ule wa nyumbani aulete.

Wadogo zangu walilipa gharama ya kazi ile. Nikirudi, Theresia alikuwa ananifungulia mlango huku amefunika pua kwa kanga, na Feli ananiwekea ndoo ya maji nje kama mgeni wa ukoma. Shuleni waliitwa "watoto wa Dada Bwawa." Lakini walikuwa wanasoma wote watatu, na walikuwa wanalala chini ya bati moja. Mjomba alipita mara mbili kutazama kama nimeshindwa. Mara zote mbili nilimkaribisha uji, akaunusa kwanza.

Ikaja kampeni ya usafi. Ilisemekana mgeni kutoka mkoani atatembelea kiwanda. Kuta zikapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa, na bata wa jirani aliyelala karibu na ukuta naye akapata chokaa yake. Bwana Kagaruki alikuwa likizo kwao Bukoba. Jumapili ile Theresia alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, nikaomba ruhusa siku mbili.

Jumatatu narudi, upepo unatoka bwawani unanijia usoni, nasikia harufu ya hospitali.

Bwawa la pili lilikuwa jeupe kama tui. Pembeni madumu matupu yamepangwa, na Ndugu Pazi amesimama mikono nyuma, ametabasamu.

"Umeona, dada Agata? Jana tumefanya kazi. Lile bwawa lilikuwa kijani kabisa, lina povu la kububujika. Nikasema mgeni hawezi kuona aibu hii."

"Mmeweka nini, Ndugu Katibu?"

Akaniokotea dumu, akanisomea kwa sauti ya mkutano: "'Huua vijidudu vyote.' Vyote, dada! Siyo baadhi."

Nilikaa chini palepale kwenye matope. "Ndugu Katibu, vijidudu ndio wafanyakazi."

"Wafanyakazi wa nani?"

"Wa bwawa. Ndio wanaokula mafuta. Umewaua wafanyakazi wote wa zamu."

Alitazama bwawa, akatazama dumu, akaligeuza kuona kama upande wa pili kuna maneno mengine. Hayakuwepo.

Meneja alituita wote wawili. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, mitambo haiwezi kusimama. Nikafunga mlango wa maji kwa kufuli, na bwawa la tatu likaanza kupanda. Meneja alipima kwa kijiti, akasema lina nafasi ya siku kumi. "Baada ya hapo nafukia mabwawa haya, nakodi malori ya kumwaga maji mbali. Na nikiwa na malori, sina haja ya mtunza mabwawa. Nyumba atapewa dereva." Hakusema kwa ukali. Ndivyo hesabu ilivyokaa. Lakini mimi nilikuwa nawaona wadogo zangu watatu kwenye mabasi matatu.

Nilipotoka nje, nikakutana na Bi Mwanaidi wa Janga, msemaji wa wakulima, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu wanne. "Agata! Mbona mfereji umekauka? Mnatupikia nini huko?"

Nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika mti, na chokaa ikambaki kiganjani. Kisha akaacha kucheka. "Utakapofungua, usije na pua yako. Mimi sili pua. Nataka kuona mchicha umesimama."

Nilikimbilia nyuma ya stoo nikijua mapipa nayo yamekwisha. Mahali pake patupu! Nikamgeukia Ndugu Pazi aliyekuwa ananifuata kama mtu aliyevunja chombo ugenini. "Madarasa yako wapi?"

Akainama. "Yale yalikuwa na sura mbaya mno. Nilisema hata dawa haitayafaa. Niliyaficha chini ya turubai, kule kwenye magunia mabovu."

Tukafunua turubai. Darasa la kwanza mpaka la tano yalikuwa yamepinduka na kukauka. La sita lilinuka mayai viza. La saba lilikuwa na nusu pipa, na lilinuka udongo baada ya mvua. Nilimkumbatia Ndugu Pazi, akaganda, maana nilikuwa natoka matopeni.

Hapa ndipo mtu mwenye haraka angemwaga nusu pipa lile bwawani na kupiga magoti. Vijana, msifanye hivyo hata siku moja. Mbegu ukiwa nayo moja, unaitenga kwanza. Nilitoa robo nikaitia kwenye dumu, nikaiweka uvunguni mwa kitanda changu, na wadogo zangu wakahamia chumba cha pili bila kuambiwa. Kisha nikapanga makopo matano. La kwanza, maji ya bwawa bovu kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji safi. La mwisho, maji ya bwawa matupu. Kila kopo kata moja ya darasa la saba. Nikasubiri siku mbili nikinusa kama mbwa wa polisi. Kopo la kwanza likawa na uhai. Nikawateka hao nikawapandisha la pili, kisha la tatu. Siku ya nne hilo la tatu, la nusu kwa nusu, lilinuka udongo.

Bwana Kagaruki aliponieleza baadaye, ilikuwa jambo dogo tu: ile dawa ya madumu na mafuta ya ganda la korosho ni ndugu wa ukoo mmoja. Wadudu wetu waliozoea ukali wa ganda hawakuishangaa sana dawa. Waliona ni ugali uleule, mboga nyingine.

Lakini kopo si bwawa. Ili wazae wa kutosha nilihitaji mavi ya ng'ombe, na huku kwetu ng'ombe ni wa kuhesabu, mbung'o walituachia mbuzi na kuku. Nikasikia kuna mchungaji wa Kilutheri kule Marui, upande wa Kisarawe, ana ng'ombe wanne. Nikapanda lori la kiwanda lililokuwa linakwenda Kisarawe kuchukua korosho, nimekaa juu ya magunia matupu.

"Shikamoo, Mchungaji. Nimekuja kuomba mavi."

"Marahaba, mwanangu." Hakushtuka, nadhani wachungaji huombwa mengi. "Ya bustani?"

"Ya kulisha wadudu wa bwawa. Waliuawa wakati wa kampeni ya usafi."

"Wewe ni muumini wa wapi?"

"Mkatoliki, baba."

"Paroko wenu hana ng'ombe?"

"Anafuga bata."

Akatafakari. "Bata hawafai?"

"Tumejaribu. Wanakula vyura tu, halafu wanafia humo."

Mkewe akatokea jikoni. "Mpe, baba nanihii, banda lenyewe linataka kusombwa tangu Pasaka." Wakanipa magunia sita na koleo, nikajaza mwenyewe. Dereva wa lori aliporudi hakuniruhusu kukaa mbele. Nilirudi Kibaha juu ya mavi ya Kilutheri, nina furaha ya ajabu.

Tulichimba shimo jembamba kando ya bwawa, tukaweka mavi, maji na wale waliofaulu kopo la nusu kwa nusu. Ugali ukapungua. Vyoo vya wanaume havikutosha, kwa sababu wengi walikuwa wamesusa tangu mapipa yaanze kunuka. Ndipo Ndugu Pazi aliposimama mkutanoni mara ya pili. "Ndugu wafanyakazi, kosa ni langu. Sitawaomba mbebe. Nawaomba mtoe. Kubeba nitabeba mimi." Na alibeba. Siku tatu, asubuhi na jioni, pipa begani, lile shati jeupe likaacha kuwa jeupe mbele ya macho yetu, na hakuna aliyecheka isipokuwa mzee wa boila, ambaye alikuwa analeta wa nyumbani kwenye chupa ya chai.

Siku ya saba tuliwafungulia kidogo kidogo bwawani. Wadudu hao wanataka hewa, na hatukuwa na mashine ya kuvuruga maji. Wanawake wa kubangua korosho walikuja baada ya zamu, wakajipanga mstari pande zote mbili na mbao za masanduku, wakapiga maji kwa kuitikiana kama wanatwanga. Walinitania ndani ya wimbo: Dada Bwawa anatafuta mchumba, mchumba akija na pua arudi. Siku ya nane tui likaanza kuwa maji ya mchele. Siku ya tisa kijani kikaonekana kwenye kona, ukubwa wa sinia.

Bi Mwanaidi hakuwa amelala. Alikuwa anakuja na kopo lake anachota kwenye bwawa la tatu, anamwagilia tuta dogo alilopandikiza miche palepale mbele ya ofisi ya meneja, bila kumwomba mtu ruhusa. Siku ya kwanza miche ikalala. Akang'oa akapanda mingine. Ikalala. Kila tulipoongeza wadudu anang'oa, anapanda, ananitazama.

Siku ya kumi maji yalibakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Meneja alitoka na kijiti chake. Mimi nilikuwa na pua tu: udongo, udongo baada ya mvua, kwenye mabwawa mawili. Lakini sikugusa kufuli. Wote tulikuwa tunalitazama tuta.

Bi Mwanaidi alichuchumaa, akagusa jani la mchicha, likarudi juu. Akagusa jingine. Akavunja, akatafuna bichi, akatema, akatafuna tena.

"Fungua," akasema.

Yule mgeni wa mkoani alifika kesho yake. Alipita kuta zote nyeupe bila kusema kitu, akasimama kwenye bwawa la pili, akakunja uso. "Hili mbona chafu? Limeota ukijani. Hamna dawa?"

Nilifumba macho. Nikamsikia Ndugu Pazi, mtu wa usafi kuliko wote, akisema kwa upole, "Ndugu mgeni, hilo ni zima. Siku ukilikuta jeupe ndipo uulize nani ataachishwa kazi."

Meneja hakunipa hotuba. Nilipompelekea ufunguo kama anataka kuukabidhi kwa dereva, aliurudisha kwangu kwa ncha ya kijiti chake. "Kaa nao," akasema.

Mavuno yalipofika, Bi Mwanaidi alikuja nyumbani kwetu na fungu la mchicha kubwa kama mtoto wa kubebwa. Akaliweka mlangoni, akasema umemwagiliwa na maji yangu mwanzo mpaka mwisho, akaondoka bila kuingia kwa sababu ya lile dumu la mbegu lililokuwa bado uvunguni. Niliupika kwa nazi, nikaupakua na ugali kwenye sinia. Kondradi, Feli na Theresia wakakaa kuizunguka, wakakunja mikono.

"Kuleni."

"Tangulia, dada," akasema Kondradi.

Nikala tonge. Walinitazama shingoni wakati nameza. Nikala la pili. Feli akahesabu kimya kimya kwa vidole. Nilipofika la tano Theresia akasema, "Mbona anatumalizia?" na mikono yote mitatu ikaingia siniani kwa mpigo.